Gogo la Mgomba Kitandani

Kazi yangu ilikuwa kutembea. Watu wakisikia neno mwanafizikia hufikiria chumba chenye vioo na mashine zinazonguruma. Mimi, baada ya miaka ya kusoma katika nchi ya baridi ambako pua ilikuwa inaganda, nilirudi nyumbani nikakabidhiwa chombo cha kupima usumaku wa ardhi, nikaambiwa nitembee. Nilitembea vichakani kuzunguka Nyarugusu ya Geita, katika mistari iliyonyooka iliyofyekwa kwa mapanga. Nasimama, nasoma kipimo, naandika, naendelea. Dhahabu yenyewe haina usumaku, lakini miamba inayokaa nayo ina tabia zake, na mimi nililipwa kuzijua tabia hizo kabla serikali haijapoteza dizeli kuchimba mahali pasipo na kitu.

Chombo kile hakitaki chuma karibu. Kila asubuhi nilivua mkanda, nikatoa funguo, kisu na sarafu, nikavaa suruali ya kufunga kwa kamba na viatu visivyo na misumari. Wachimbaji, ambao siku hizo walichimba kwa kujificha, walinitazama kutoka kwenye mashimo yao wakacheka. Baadaye wakaacha kucheka. Wakaambizana kwamba kuna bwana anayeongea na ardhi na anaogopa chuma. Nilifurahi, maana tangu hapo hakuna aliyeng'oa vigingi vyangu kwenda kukokea moto. Sikufikiri kwamba maneno hayo yangefika hadi nyumbani kwetu.

Kanuni ya kazi ni kwamba ukimaliza mstari unarudi pale ulipoanzia, unapima tena, kwa sababu chombo huchoka na dunia yenyewe haitulii kati ya asubuhi na jioni. Jioni moja nilikuwa narudi hivyo, peke yangu, vumbi jingi, nikaona nyayo kwenye mstari wangu. Mguu wa kulia ulikuwa umekanyaga vizuri. Wa kushoto haukukanyaga, ulikuwa umeburutwa, umeacha mfuo mrefu mchangani kama wa mtu anayekokota jembe. Nikakasirika. Mstari ulikuwa wangu na sikutaka mlevi anayechechemea apite humo na panga lake kiunoni aniharibie vipimo. Nikaita. Hakuna aliyeitika. Nikainama kutazama vizuri nikaona alama ya soli, na soli ilikuwa ya viatu vyangu. Nikageuka nyuma. Mfuo ulikuwa umenifuata mpaka kwenye kisigino.

Nilisimama pale mpaka giza likaanza kuingia. Nilikuwa sijahisi chochote, wala maumivu wala ganzi. Mguu wangu ulikuwa umeanza kuondoka bila kuniaga.

Daktari wa hospitali kubwa, mtu mpole mwenye mikono baridi, alinieleza kwamba mishipa inayopeleka amri kwenye misuli inakufa mmoja baada ya mwingine, kwamba sababu haijulikani na dawa hakuna. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, kwamba akili itabaki nzima mpaka mwisho. Nilimchukia kwa maneno yale na bado namchukia kidogo. Alinipa miaka michache. Nimeshaipita, na haya ninayachapa kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwenye taipureta kuukuu ya shule anayofundisha dada yangu.

Nilirudi kwa mama. Sikuwa nimeoa, nilikuwa naahirisha kila mwaka kama watu wenye akili nyingi wanavyofanya. Wazazi wangu walikuwa Wasukuma wa Shinyanga waliohamia upande wa Geita kutafuta ardhi nikiwa mdogo, na nyumba yetu ilikuwa njia ya kwenda Nkome, upepo ukivuma kutoka ziwani unaletewa harufu ya dagaa bila kuagiza. Nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba ya mama. Baba alikuwa ameshafariki. Dada yangu mdogo, aliyeachana na mumewe na kurudi na hasira zinazofanana na zangu, ndiye aliyeninyoa, akanigeuza, na kunitukana nilipokataa kula. Nilimpenda kwa matusi yale. Wengine wote walikuwa wameanza kuniongelesha kama mtoto.

Isipokuwa jirani. Alikuwa mama mjane ambaye serikali ilipotukusanya vijijini alipangiwa kiwanja ubavuni mwetu, mgeni kabisa, hana mtoto wala ndugu. Aliishi kwa kukausha samaki kwa moshi na macho yake yalikuwa mekundu wakati wote. Alikuja kila siku na maziwa kidogo kwenye kibuyu, akakaa karibu na kitanda changu, akanitania. Aliniita Mtaalamu. Aliniuliza kama huko Ulaya walinifundisha kulala mchana kiasi hiki au nilijifunza mwenyewe. Siku ambazo nilikuwa sitaki kuona mtu, yeye nilimtaka.

Kisha herufi zikaanza kunitoka. Ilianza ile ya kutetemesha ulimi, zikafuata nyingine, kama wageni wanaoondoka harusini, mmoja akinyanyuka na wenzake wanakumbuka kwao. Kwa muda dada alinielewa na kuwatafsiria wengine. Halafu naye akaanza kukisia. Mwishoni nilibaki na sauti moja ndefu ya puani, na hiyo sauti, nchi yetu yote inaijua ni ya nani.

Ni sauti ya msukule. Kwetu mtoto anakua akijua habari hizi kama anavyojua njia ya kisimani. Mchawi akimtaka mtu hamuui, ingawa anaonekana amekufa; anamchukua. Anamkata ulimi asiseme yuko wapi, anamlisha pumba, anamlimisha shambani wakati watu wamelala. Mnachobaki nacho ninyi nyumbani, mnachokililia na kukizika, ni gogo la mgomba lililovishwa sura ya ndugu yenu. Nilipokuwa mwanafunzi niliwachekesha sana wenzangu wa Ulaya kwa habari hiyo.

Nilimsikia mama siku moja asubuhi akiongea na dada jikoni. Ukuta ulikuwa wa udongo na masikio yangu hayana ugonjwa. Hakuwa analia. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeeleza bei ya pamba, kwamba amechunguza vya kutosha. Mwanawe alikuwa na mikono mizito, huyu mikono yake ni mifupa. Mwanawe hakuweza kunyamaza hata kanisani, huyu hana neno. Mwanawe alichukuliwa kule Nyarugusu, kwenye ile kazi ya kuvua chuma mwilini, maana chuma ndicho kinga, na asiye nacho nani atazuia asichukuliwe. Dada alimwambia aache upuuzi, kwamba huu ni ugonjwa na una jina. Mama akasema jina la ugonjwa wameliweka Wazungu kwa sababu hawajui migomba.

Nililala nikitazama nyasi za paa. Nilikasirika mpaka machozi yakatoka, na mkono uliobaki haukuwa na nguvu ya kuyafuta.

Halafu akaingia na uji. Hiki ndicho kilichoniogopesha kuliko maneno yake. Mwaka ule sukari ilikuwa haionekani madukani, lakini uji wangu ulikuwa na sukari. Alinilisha kijiko kwa kijiko, akanifuta kidevu, akanipangusa mwili kwa maji ya moto, akanipaka mafuta kila kidole. Hajawahi kunitunza vizuri namna ile nikiwa mwanawe. Baadaye nilielewa hesabu yake, maana alimweleza dada: alicholifanyia gogo hapa ndicho alichoomba afanyiwe mwanawe huko aliko. Akinipa uji wa pumba mimi, naye angepewa pumba. Akiniacha na kidonda, naye angeoza mgongo mahali ambapo mama yake hafiki. Kwa hiyo alinitunza mimi kwa ajili yangu.

Misuli yangu ilikuwa inachezacheza chini ya ngozi. Ni dalili ya ugonjwa, misuli inayokosa amri hutikisika yenyewe. Mama alikuwa akikaa pembeni alfajiri, rozari mkononi, akiitazama mikono yangu. Ikitikisika mabegani alinong'ona kwamba sasa analima. Ikitikisika kwenye vidole alisema anapalilia. Ikitulia alishukuru kwamba wamempumzisha. Nami, mtu wa vipimo, nilianza kuamka nimechoka. Mgongo uliuma mahali panapouma mtu aliyeinama siku nzima. Najua kwamba misuli inayotikisika usiku kucha huchoka. Najua. Lakini nilikuwa najikuta nanusa vidole vya mkono uliolazwa karibu na uso, nikitafuta harufu ya udongo.

Akapita mchimbaji mmoja kutoka Nyarugusu akielekea ziwani, akaomba maji kwetu. Mama akamuuliza habari za mwanawe, kama alivyowauliza wapitaji wote. Yule akasema bwana wa vipimo yupo, ameonekana juzi tu jioni kwenye mstari, na kofia yake ile pana na chombo chake, anatembea polepole, haitikii salamu. Mimi nilijua kwamba idara ilimpeleka kijana mwingine badala yangu, na kofia niliiacha kambini. Haitikii salamu kwa sababu anahesabu. Jambo dogo, lina maelezo yake. Nilitaka kuyatoa maelezo hayo, nikafungua mdomo, ikatoka ile sauti. Mchimbaji akachungulia mlangoni, akaniona, akaiweka kata ya maji chini bila kuimaliza.

Baada ya hapo ndipo zilipoonekana nyayo kwenye shamba la mihogo la jirani. Mguu wa kulia umekanyaga, wa kushoto umeburutwa. Dada alikwenda kuziona akarudi na uso mgumu. Nilimuuliza kwa macho, akaniambia ukweli, kwamba zilikuwa kama za mtu, zilipita katikati ya matuta yaliyopaliliwa vizuri, na kwamba jirani mwenyewe hakujua nani alimpalilia. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka. Mbuzi aliyefungwa kamba anaweza kuburuta kitu. Mzee anayechechemea anaweza kumsaidia mjane kwa siri. Nina maelezo manne mazuri, na siku zile sikuweza kulishika hata moja kwa dakika nzima. Nilikuwa naitazama miguu yangu mwisho wa kitanda. Ilikuwa misafi, imepakwa mafuta.

Sasa mwanawe alikuwa na mahali, na mahali pana mwenyewe. Hivyo ndivyo mama alivyoona, na kijiji kikaona pamoja naye. Macho mekundu, hana mtoto, anakaa na mgonjwa kila siku hamwogopi, shamba linapaliliwa lenyewe. Miaka ile kulikuwa na vijana wa pinde na mishale waliojipa kazi ya kulinda kijiji, wakiwasaka wezi wa ng'ombe, na walipowamaliza wezi wakaanza kutafuta kazi nyingine. Bibi waliyemshuku alifukuzwa akiwa na bahati. Asiyekuwa na bahati alikutwa asubuhi mlangoni pake, na hakuna aliyesikia kelele.

Niliandika karatasi. Mkono wa kulia ulishakufa, nikatumia wa kushoto, siku mbili za jasho kwa mistari michache: mimi ni mimi, huu ni ugonjwa, mwacheni mama wa watu. Dada akampelekea kiongozi wa wale vijana. Kiongozi aliisoma, akaja kumuonyesha mama. Mama hakujua kusoma, lakini barua zangu za Ulaya alizitunza zote na aliujua mwandiko wangu kwa sura, kwamba unalalia kulia. Akaigeuza karatasi huku na huku. Mwandiko huu, alisema, umelalia kushoto. Akaikunja akairudisha kwa heshima.

Nilichanganyikiwa kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Kazini, nilipokuwa na shaka na kipimo, nilirudi mahali pa kuanzia nikapima tena. Mahali pangu pa kuanzia palikuwa mama. Na mama alikuwa ananitazama machoni na kusoma mtu mwingine.

Walimchukua jirani mchana, baada ya watu kutoka mashambani. Walimweka chini mbele ya ghala la pamba, wanaume wameketi upande mmoja, wanawake upande mwingine. Dada aliniuliza kama nataka kwenda. Nikafumba macho mara moja, ndiyo. Akanikalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akanifunga mgongoni mwake kwa kitenge kama mtoto mchanga aliyekosewa ukubwa, akaiendesha baiskeli hiyo polepole huku akiwatukana wote waliosimama kutazama. Kichwa changu kilikuwa kinaning'inia begani kwake. Tulipofika, watu waligawanyika wakatupa njia pana kuliko tuliyohitaji.

Jirani alikuwa ameketi amenyoosha miguu, kitambaa kimemtoka kichwani. Aliponiona alitabasamu. Nakumbuka hilo zaidi ya yote, kwamba alinitabasamia kana kwamba mimi ndiye niliye matatani.

Kiongozi, mtu wa makamo mwenye sauti nzuri, hakuwa mtu mbaya. Alinisalimu. Akasema kama mimi ni yule aliyesemwa na dada yangu, basi nitaje jina langu na la baba yangu mbele ya watu, na mambo yaishe. Nikavuta pumzi. Nilifanya kazi ngumu pale kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Ikatoka sauti ya puani, ndefu, inayopanda. Wanawake wakashika vichwa vyao. Nikajaribu tena.

Halafu nikaanza kucheka. Daktari alinionya kwamba ugonjwa huu unaweza kumchekesha mtu au kumliza bila yeye kutaka, na alisema ni nadra. Kifua kilitikisika, mdomo ukafunguka, nikacheka na sikuweza kuacha, nikimtazama yule mama aliyekaa mchangani, ambaye kila mcheko wangu ulikuwa unamuua. Nilijichukia. Niliomba nife pale pale. Watu walinyanyuka wakarudi nyuma, wengine wakavuta watoto wao. Kijana mmoja alishaweka mshale kwenye upinde, na sijui alikuwa anamlenga nani.

Kiongozi akamgeukia mama yangu. Akamwambia kwamba yeye ndiye aliyezaa, na kijiji kitafuata neno lake. Huyu ni mwanao, au si yeye?

Mama alimtazama jirani kwa muda mrefu. Kisha akanyanyuka, akaja hadi kwenye baiskeli, akajizungushia ncha ya kanga vidoleni, akaufungua mdomo wangu ambao bado ulikuwa unacheka, akaushika ulimi akauvuta nje. Ulimi wangu siku hizo ulikuwa umesinyaa, unatikisika wote kama umejaa minyoo. Akawageuzia watu uso wangu, upande huu na upande ule, waone wote.

"Uko mzima," alisema. "Haujakatwa. Huyu ni mwanangu, anaumwa. Mwacheni mwenzangu aende kwake."

Walitazama. Kiongozi mwenyewe alisogea karibu akachungulia kinywani mwangu, akahakikisha. Kisha akaashiria kwa mkono na wale vijana wakaondoa mishale yao kwenye pinde. Hakuna aliyeomba radhi. Jirani alijifunga kitambaa chake, akapita karibu nasi, akanigusa goti, akaenda kuangalia samaki wake. Aliishi hapo miaka mingine kadhaa na alikufa kwa homa, kitandani kwake, na maziwa alileta hadi mwisho.

Mimi nilirudi nyumbani mgongoni mwa dada nikiwa na furaha kama mtoto. Mama yangu alikuwa amenitambua. Alisema mbele ya kijiji kizima. Nilikuwa nimerudi mahali pangu pa kuanzia na kipimo kilikuwa sahihi, na kama ulimi ungenitii ningeimba.

Jioni ile alichemsha maji kama kawaida. Dada alikuwa nje akirudisha baiskeli ya watu. Mama alinivua, akanipangusa shingo, mikono, mgongo mahali panapotaka kufanya kidonda, bila haraka. Akanipaka mafuta vidole vya miguu kimoja kimoja. Nilikuwa namtazama usoni nikingoja anitazame. Alipomaliza alinifunika, akainama karibu na sikio langu, akaongea Kisukuma kwa sauti ya chini, ya adabu, ile anayoongea na wageni.

"Yule mama wa watu nisingeweza kumuua. Ndiyo maana nimesema vile. Lakini wewe uliye hapa, kama kuna njia mnaonana naye huko, mwambie mwanangu arudi, mimi sijafa bado."

Akasubiri. Aliniangalia kwa upole mwingi na hakuwa ananijua.

Nikafumba macho mara moja, ndiyo, kwamba nitamwambia.